Tumbo linalouma siku za shule tu: mbwa wa Pavlov na mtoto wa Kibirizi

Swali

"Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwanangu yuko darasa la pili. Tangu mwezi wa pili, kila asubuhi ya siku ya shule tumbo humuuma, na mara nyingine hutapika uji wote aliokunywa. Jumamosi na Jumapili ni mzima kabisa. Tulimpeleka zahanati, wakampima malaria na choo, hawakuona kitu. Akizidiwa, mama yake humwambia abaki, basi huja nami mwaloni kunisaidia kuanika. Kuna siku nakataa, lakini akilia sana nakubali. Babu yake anasema mtoto huyu ni mwongo, dawa yake ni bakora. Cha ajabu, mtoto anasema yeye hajachapwa shuleni hata siku moja. Aliyechapwa ni mwenzake wa dawati moja, katika kipindi cha hesabu. Shemeji yangu anayesomea ualimu Kasulu aliniambia kuna wanasaikolojia waliosema kwamba binadamu hujifunza kama mbwa aliyezoeshwa kengele. Naomba unieleze walisema nini hasa, na kama maneno yao yanamhusu mwanangu."

Jibu

Ndugu mzazi,

Barua yako ina mambo mawili ambayo umeyataja kwa kupita tu, lakini kwangu ndiyo kiini cha habari: kwamba mtoto ni mzima Jumamosi na Jumapili, na kwamba siku anayobaki nyumbani huja nawe mwaloni. Wanasaikolojia wa tabia, ambao shemeji yako aliwataja, wangeanzia hapo. Wao hawaanzi kwa kuuliza kama mtoto anaumwa kweli au anasingizia, bali huuliza ni nini hutangulia lile tendo lake na ni nini hulifuata. Maswali hayo mawili yalizaa mafundisho mawili tofauti kuhusu namna kiumbe anavyojifunza, na kwa mwanao, kwa kadiri ninavyoweza kuona kutoka kwenye barua, yote mawili yanafanya kazi kwa wakati mmoja.

Nianze na mbwa. Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia huko St. Petersburg, Urusi, aliyechunguza jinsi mwili unavyotoa majimaji ya kumeng'enya chakula, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Ili kuyapima mate, aliwafanyia mbwa upasuaji mdogo shavuni na kuweka mrija wa kuyatoa nje yahesabiwe tone kwa tone. Hapo akakumbana na kero: mbwa waliokwisha kuizoea maabara walitoa mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu hatua za mhudumu wao. Mtu mwingine angeiita hiyo kasoro ya jaribio na kutafuta njia ya kuiondoa, lakini Pavlov aliifanya kuwa kazi ya miaka yake iliyobaki. Aligundua kwamba kitu kisicho na maana yoyote kwa mbwa, kama vile mlio wa kipima mapigo ya muziki au mwanga wa taa (watu husimulia kengele tu, lakini alitumia vitu vingi), kikitangulia chakula mara kadhaa, huanza kuleta mate chenyewe. Mpangilio wa wakati ni muhimu sana hapa: ishara ikitangulia, kujifunza huwa kwepesi, ikija baada ya chakula, mbwa hajifunzi la maana.

Mfano wa jambo hili huna haja ya kuufuata Urusi. Watazame paka wa mwaloni alfajiri, wanavyoamka na kusogea majini wanaposikia mashine za mitumbwi inayorudi. Mashine hailiwi, na paka aliyeletwa jana kutoka Kasulu hatajali mlio wake. Aliyekulia hapo amekwisha kujifunza kwamba mlio ule hutangulia dagaa wanaomwagika mchangani. Lakini tusichanganye hili na dagaa wenyewe wanapokusanyika chini ya taa zenu usiku wa giza. Wao hawakufundishwa na mtu wala na tukio lolote kuufuata mwanga, ni maumbile. Pavlov aliuheshimu sana mpaka huo, kwa sababu katika nadharia yake kila kinachofunzwa hujengwa juu ya kitu ambacho kiumbe amezaliwa nacho: mate kwa chakula, na kwa binadamu, hofu kwa maumivu na kwa kishindo cha ghafla.

Kishindo ndicho kilichotumiwa na Mmarekani John B. Watson, mtu aliyetangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi iache kubahatisha yaliyomo moyoni mwa mtu, ishughulike na yanayoonekana na kupimika. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walichapisha jaribio ambalo leo lisingepewa kibali popote penye kamati ya maadili. Mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert, alikuwa akimnyooshea mkono panya mweupe bila woga wowote. Wakaanza kugonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa panya. Baada ya kishindo na panya kuambatana mara 7, kumwona panya peke yake kulitosha kumliza na kumfanya atambae akikimbia. Tena hofu haikuishia kwa panya: ilienea kwa sungura, kwa mbwa, hata kwa koti la manyoya. Albert akaondolewa hospitalini, mahali jaribio lilipofanyika, kabla hajatibiwa hofu hiyo, na binafsi sijawahi kulisimulia jaribio hili kwa wanafunzi bila kuwaambia kwamba lilimdhulumu mtoto. Alikuwa mtoto mmoja tu, kwa hiyo peke yake lisingethibitisha mengi. Hata hivyo, uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba hofu hufungwa kwenye ishara kwa njia hiyo, na kwamba huenea kwa vitu vinavyofanana na ishara ya kwanza.

Sasa mrudie mwanao. Inaelekea alikuwa ameketi bega kwa bega na mwenzake wakati bakora zinashuka. Kilio cha mtu wa karibu, sauti ya fimbo, darasa zima kunyamaza: hivyo ni vishindo vinavyomtisha mtoto wa miaka saba au minane bila kufundishwa. Vikaambatana na kipindi cha hesabu, na kutoka hapo hofu ikaenea kwa darasa, kwa sare, kwa kengele ya asubuhi, mpaka ikafika kwenye kikombe cha uji anachonywa kabla ya kutoka. Hofu ina mwili. Hubana tumbo na huleta kichefuchefu, kwa hiyo maumivu anayoyasema ni maumivu kweli, hata kama zahanati hawakuona mdudu.

Kwa nini Jumamosi hana neno? Jibu zuri lilitoka kwa Robert Rescorla mwaka 1968. Alichukua makundi ya panya na kuwapa mishtuko ya umeme. Kwa kundi moja, mshtuko ulikuja wakati sauti fulani inalia tu. Kundi lingine lilipata mishtuko kama hiyo wakati wa sauti, lakini likapata mingine kwa wingi uleule pasipo sauti. Kama kujifunza kungekuwa ni kuambatana tu kwa vitu viwili, makundi yote mawili yangeiogopa sauti. Haikuwa hivyo: kundi la pili halikuiogopa, maana sauti haikuwaambia lolote kuhusu lini hatari inakuja. Kwa hiyo lile neno "mazoea", ambalo watu hulitumia kwa urahisi wanapoisimulia nadharia hii, linapotosha kidogo. Mnyama hasukumwi na marudio matupu. Anajifunza kipi hutabiri kipi. Mwanao naye anajua vizuri kabisa kwamba asubuhi ya Jumatatu inatabiri kile ambacho asubuhi ya Jumamosi haikitabiri. Huo si ushahidi wa uongo, ingawa naelewa kwa nini mzee anauona hivyo.

Mpaka hapa nimeeleza kinachotangulia. Kinachofuata tendo kilichunguzwa na watu wengine. Edward Thorndike, mwaka 1898, aliwafungia paka wenye njaa katika visanduku vyenye mlango uliofunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kidude, na chakula kikiwa nje. Paka alirukaruka na kukwaruza ovyo mpaka kwa bahati akafungua; alivyorudishwa tena na tena, muda wa kutoka ulipungua polepole. Thorndike akasema kwamba tendo linalofuatiwa na matokeo ya kuridhisha hupata nguvu. B. F. Skinner (1904–1990) aliichukua kanuni hiyo na kuichunguza kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake, akitumia panya waliobonyeza kijiti na njiwa waliodonoa kitufe, na hasa akionyesha kwamba namna ya kutoa tuzo ni muhimu kama tuzo yenyewe.

Kwa mwanao kuna tuzo mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: mwaloni, pamoja na baba, kati ya watu wazima, kazi ya kuanika ambayo kwa mtoto ni mchezo na heshima kwa pamoja. Ya pili haionekani, nayo naamini ndiyo kubwa zaidi, maana pale mama anaposema "basi baki", hofu yote ya asubuhi hushuka mara moja. Skinner aliita hali hii uimarishaji hasi, na neno "hasi" lisikupoteze, kwani halina maana ya adhabu. Maana yake ni kwamba tendo limeimarika kwa sababu limeondoa kinachokera, kama vile mtu anavyojizoeza kushusha chandarua mapema kwa kuwa mbu wamemkera. Mwaka 1947 O. Hobart Mowrer aliunganisha mafundisho haya mawili kwa hoja ambayo ni kama iliandikwa kwa ajili ya nyumba yako: hofu hupatikana kwa njia ya Pavlov, kisha kuikwepa huimarika kwa njia ya Skinner, na kila siku mtoto anapokwepa, hukosa nafasi ya kuona kwamba siku hiyo hakuna aliyechapwa. Kwa hiyo hofu hudumu hata kama chanzo chake kilitokea mara moja tu miezi mingi iliyopita.

Halafu kuna lile ulilosema kwamba siku nyingine unakataa, lakini akilia sana unakubali. Mzazi hudhani kwamba kukataa mara kwa mara hupunguza tabia hata kama mwisho analegea. Uchunguzi wa Charles Ferster na Skinner kuhusu ratiba za tuzo, uliochapishwa mwaka 1957, unasema kinyume. Tendo lililozoea kulipwa kila mara, malipo yakikoma, hufa upesi. Tendo lililokuwa likilipwa mara moja moja, bila kujulikana lini, huendelea kwa muda mrefu sana baada ya malipo kukoma. Wewe mvuvi hili unalijua mwilini mwako. Usiku wavu ukitoka mtupu huendi kuuza mtumbwi. Unasema kesho, kwa sababu umekwisha kuona usiku mtupu mara tatu na wa nne ukajaza ndoo zote. Mwanao naye analia kwa moyo huohuo. Tena kwa kukubali pale tu kilio kinapozidi, umemfundisha bila kukusudia kwamba kilio kidogo hakitoshi.

Kuhusu bakora anazozishauri mzee, nitasema kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: kwa mtoto huyu ni dawa iliyotokana na ugonjwa wenyewe. Hofu yake ilifungwa kwenye shule kwa njia ya fimbo, na fimbo ya nyumbani asubuhi itaongeza kiasi cha hofu kinachoambatana na sare na uji, pengine na wewe mwenyewe. Hata tukiacha jambo la hofu, adhabu si mwalimu mzuri. Skinner aliripoti mwaka 1938 kwamba panya waliopigwa makofi madogo miguuni kila walipobonyeza kijiti walipunguza kubonyeza kwa muda, lakini hatimaye idadi yao ya kubonyeza iliwafikia wale ambao hawakupigwa. Adhabu ilikuwa imezuia tendo, haikulifuta. Na haikumfundisha panya tendo lingine la kufanya badala yake. Kama mzee anapenda mfano wa hapa kwetu, mwambie kuhusu panya buku wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hufunzwa kwanza kwamba mlio mfupi wa kidude humaanisha chakula, ambayo ni kazi ya Pavlov. Kisha mlio na kipande cha ndizi hutolewa pale tu wanapotambua harufu sahihi, ambayo ni kazi ya Skinner. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kutafuta mabomu Kambodia. Hakuna fimbo katika mafunzo hayo.

Nadharia hii ina mipaka, na mwanao mwenyewe ameugusa mmojawapo aliposema hajachapwa. Wanatabia wa mwanzo walipenda kuamini kwamba kiumbe hujifunza kwa yale yanayompata yeye. Watson alijigamba kwamba akipewa watoto wachanga 12 wenye afya angeweza kumfanya yeyote kati yao kuwa daktari, mwanasheria au mwizi, ingawa palepale alikiri kwamba anasema zaidi ya ushahidi alionao. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akilipiga sanamu la mpira waliyaiga matendo hayo, bila wao kupewa tuzo yoyote kwanza. Ukipanda boti la kaskazini kutoka hapo Kibirizi hadi Gombe, ambako mwaka 1960 Jane Goodall aliona sokwe mtu wakivua mchwa kwa vijiti, utakuta watoto wa sokwe wakikaa muda mrefu wakiwatazama mama zao kabla ya kushika kijiti wenyewe. Mtoto hujifunza kwa mgongo wa mwenzake, na hofu hujifunzwa hivyo pia. Mimi huichukua saikolojia ya tabia kama chombo kizuri cha kueleza jinsi hofu inavyofungwa na kufunguliwa, lakini siamini kwamba inamweleza mtoto mzima. Wanasaikolojia wengi wa leo nao wako hapo.

Katika kuifungua, msingi uliwekwa na Mary Cover Jones mwaka 1924. Mtoto mmoja, Peter, wa umri chini ya miaka mitatu, alimwogopa sungura. Jones alimpa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, kisha siku baada ya siku akamsogeza karibu, bila kuvuka kiasi ambacho kingemfanya Peter aache kula, na akawaleta pia watoto wengine waliomchezea sungura bila woga. Mwisho Peter akamshika kwa mkono wake.

Kwa kufuata njia hiyo, ningeanza na shule yenyewe kabla ya kumgusa mtoto. Nenda umwone mwalimu wake kwa utulivu, umweleze kinachotokea, uombe uhakika kwamba mtoto hatachapwa katika hesabu, na ikiwezekana ahamishiwe dawati la mbele karibu na mtoto anayeelewana naye. Bila hatua hiyo mengine yote ni bure, kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto kwamba ishara haitabiri hatari ikiwa bado inaitabiri. Kisha Jumamosi moja, shule ikiwa tupu, mwende pamoja mkiwa na mpira na mahindi ya kuchoma, mcheze uwanjani, mkae kidogo barazani mwa darasa lake. Rudieni mpaka aende bila kukushika mkono. Hatua inayofuata ni kufika siku ya masomo mapema kabla ya kengele, na kengele ilie wewe ukiwa bado hapo. Halafu umwache mlangoni. Halafu njia panda. Akionyesha kubanwa tumbo katika hatua moja, rudi nyuma hatua moja tu, usirudi nyumbani.

Uji nao uangalie. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling walionyesha kwamba panya huunganisha kichefuchefu na ladha ya walichokunywa kwa wepesi wa pekee, kuliko wanavyokiunganisha na mwanga au kelele. Mtoto anayetapika uji kila Jumatatu anaweza kuuchukia uji kwa miaka. Kwa wiki hizi mpe kitu kidogo kikavu, kama kiazi au kipande cha chapati, na uji anywe jioni.

Mwaloni usimwondolee, ila ubadilishe mahali pake katika wiki. Siku atakayobaki nyumbani kwa sababu ya tumbo iwe siku ya kulala kitandani kama mgonjwa, bila mchezo na bila ufukwe, na asikemewe. Mwaloni uwe ni wa Jumamosi, baada ya wiki aliyokwenda shule hata kama alikwenda kwa machozi. Mkubaliane na mama yake kabla ya kuanza, kwa sababu mkitofautiana ratiba ile ya bahati nasibu itarudi. Na mjiandae: tuzo iliyozoeleka ikikoma, tendo huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Siku mbili tatu za mwanzo atalia kuliko mlivyowahi kusikia. Hapo ndipo wazazi wengi hulegea, na kulegea wakati huo ni kulipa kilio kikubwa kuliko vyote. Ikiwa hamjawa tayari kuvumilia siku hizo, ni heri msianze bado. Na kama tumbo litaanza kumuuma hata Jumamosi, au akikonda, au akiona damu chooni, acheni haya yote mumrudishe hospitali.

Jambo la mwisho Pavlov aliliona kwa mbwa wake. Baada ya mlio kurudiwa bila chakula mpaka mate yakakoma, alimpumzisha mbwa, na aliporudi mlio uleule ukatoa mate tena, ingawa kidogo kuliko mwanzo. Kilichofifia hakikuwa kimefutika. Kwa hiyo likizo ya Juni ikiisha, tumbo la mwanao huenda likarudi hata kama Mei yote alikuwa akienda shule vizuri. Anza tena kutoka kule uwanjani, siku mbili kabla ya kufungua. Mara hii hatua zitakwenda haraka zaidi.